MREJESHO: Noah iliyokuwa inachemsha mlimani, kumbe wota pampu

Wakuu, swali lilikuwa hili: Noah yenye injini ya 3ZR inachemsha ikipanda mlima, kwenye tambarare inapoa. Waliouza gari walishabadilisha rejeta na mfuniko wake, tatizo likarudi. Wengi mlisema gasketi ya silinda hedi (inayozuia moshi wa injini kuingia kwenye maji) imeungua.

Haijaungua. Dawa ya bluu ya kupimia gesi ya moshi kwenye rejeta ilibaki bluu; ingegeuka njano, hapo sawa, gasketi ingekuwa imeungua. Lakini mfumo ulipojazwa presha injini ikiwa baridi, mshale wa geji ulishuka taratibu, yaani kuna mahali panavuja. Chini ya puli ya wota pampu (pampu inayozungusha maji ya injini), kwenye kitundu kidogo ambako uvujaji wa pampu hutokea, kuna ukoko wa pinki. Matone yanakaukia kwenye injini ya moto, ndiyo maana sakafuni hakuna maji.

Cha pili, themostati (vali inayofungulia maji yapite rejeta injini ikipata moto) ilikuwa imeng'olewa (mafundi wetu na themostati!). Kwenye injini hii kisahani chake cha chini hufunga njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Mlimani lazima ichemshe.

Imefungwa pampu mpya na gasketi yake, themostati ya kufunguka nyuzi 82 na kulanti (maji maalumu ya rejeta) iliyokwisha changanywa, si maji ya bomba. Kutoa hewa: hita kwenye moto wa mwisho, injini sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), minya hozi ya juu mpaka feni iwake na kuzima mara mbili, kisha ongeza kulanti.

Kwenye risiti, dai waandike kila kifaa. "Matengenezo ya kuchemsha" tu haitakusaidia kudai waranti.