Mpole nje, moto uwanjani: tupeane uzoefu

Wakuu, heshima kwenu. Timu yetu ya wikiendi ina kiungo mkabaji ananishangaza. Nje ya uwanja, akikanyagwa mguu kwenye foleni, yeye ndiye anayeomba radhi. Filimbi ikilia anakwatua watu na kumfokea hadi golikipa wetu. Mechi ikiisha utamkuta kambebea begi yule yule aliyemkwatua.

Mnamkumbuka Zidane, yule kiungo wa Ufaransa? Mkimya, sauti ya chini, lakini Kombe la Dunia 1998 alipewa nyekundu dhidi ya Saudi Arabia, na kwenye fainali ya 2006 akampiga Materazzi, beki wa Italia, kichwa cha kifua katika mechi ya mwisho ya maisha yake ya soka. Mnaocheza au mnaoishi na wachezaji, mnalionaje hili?

Beki Mstaafu: Mkuu umenisema mimi. Mke wangu alikuja kunitazama mara moja tu. Njiani kurudi hakusema neno, tulipofika mlangoni ndipo akauliza, "Yule aliyekuwa anagombana na mshika kibendera ni nani?" Nikamjibu simjui. Na kweli, nikishavua daluga simjui.

Dada wa Mlenga Shabaha: Kwetu ni kinyume. Mdogo wangu anarusha mishale, na kwenye mashindano huwezi kujua kama amepata au amekosa. Anavuta upinde, anashusha pumzi, anaachia, uso ni ule ule. Sasa cheza naye karata nyumbani! Akikaribia kufungwa anaanza kuhesabu upya, anadai mmemchungulia, mwisho anazitupa zote mezani na kwenda kulala saa 2 usiku.

Kocha wa Vijana: Naona mnaongea kana kwamba mtu anazaliwa hivyo. Björn Borg, mcheza tenisi wa Sweden, alipokuwa kijana alikuwa anarusha raketi na kutukana, hadi klabu yake ikamsimamisha. Huyo huyo ndiye aliyekuja kutwaa Wimbledon mara 5 mfululizo, 1976 hadi 1980, na sura yake hata ukiitazama vipi huambulii kitu. Ule utulivu aliutengeneza. Mimi vijana wangu wakifanyiwa faulo nawafundisha kitu kimoja: geuka, tembea hatua chache, funga kamba za viatu hata kama zimefungwa. Ukiinuka, hasira imepungua.

Refa Mchovu: Sawa, ila "uwanjani huwa nabadilika" imekuwa kisingizio. Suárez, mshambuliaji wa Uruguay, aling'ata wapinzani 2010, 2013, kisha Chiellini, beki wa Italia, 2014. Mara tatu! Niliyempa kadi akinifuata baadaye na tabasamu, namjibu salamu, lakini ripoti naiandika kama ilivyo.

Beki Mstaafu: Refa, wewe nadhani tulishakutana 😂

Mleta Uzi: Hahaha. Na wale wanaocheka hata tukiwa tumefungwa tano bila, mnawaweka wapi?

Kocha wa Vijana: Benchi.