Mjadala: Kuchagua chaneli iliyo wazi kwenye simu isiyo na waya, je, kunastahili hataza?

Wadau, hebu tulijadili hili bila jazba. Rufaa za kesi za hataza (haki ya mvumbuzi kuzuia wengine kutumia uvumbuzi wake) Marekani husikilizwa na mahakama moja, Federal Circuit, iliyoanzishwa mwaka 1982. Kwa hiyo ikikosea, kosa hilo linaishika nchi nzima.

Msimamo wangu: mvumbuzi alindwe kwa namna anavyochagua chaneli, lakini wazo lenyewe la kuchagua chaneli libaki huru.

Mkono wa simu ya nyumbani isiyo na waya (ile sehemu unayoshika) na kitako chake (ile inayobaki mezani) huwasiliana kwa redio. Jirani akitumia chaneli hiyohiyo, maongezi yanaingiliana. Dawa yake ni kupima nguvu ya mawimbi kwenye kila chaneli kabla ya kuanza kuongea, kisha kwenda penye utulivu. Mwaka 1995 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliongeza chaneli za simu hizi kutoka 10 hadi 25, na ikataka simu zitakazotumia zile mpya zikwepe zenyewe chaneli yenye mtu. Sasa fikirini mtu mmoja anamiliki kitu ambacho sheria inamlazimisha kila mtengenezaji anayetumia chaneli hizo mpya akifanye! Hao wengine watauza nini?

Wapo wanaosema kila uvumbuzi huonekana rahisi ukishauona. Hoja hiyo naiheshimu, na ndiyo maana jaji apime kwa maandishi yaliyokuwepo kabla ya ombi la hataza. Ila waendesha redio walikuwa wakisikiliza masafa kabla ya kurusha sauti zamani sana. Kukabidhi kazi hiyo kwa saketi hakutoshi. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwaka 2007, katika kesi ya KSR, kwamba kuunganisha vitu vinavyojulikana kwa njia zinazojulikana, na matokeo yakawa ya kutarajiwa, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni jambo lililo dhahiri, na lililo dhahiri halistahili hataza.

Ugomvi mkali zaidi uko kwenye madai ya hataza, yaani maneno yanayoweka mipaka ya kile inacholinda. "Chaneli iliyo wazi" ni isiyo na mawimbi kabisa, au yenye kelele chache kuliko zingine? Simu za DECT (mfumo wa kidijitali wa simu zisizo na waya) za Ulaya, zenye nafasi 120 za mawasiliano, hutafuta iliyo nafuu hata katikati ya maongezi. Tafsiri ya kwanza inaziacha nje, ya pili inazinasa zote. Tangu kesi ya Teva ya 2015 katika Mahakama Kuu, majaji wa rufaa huitazama upya tafsiri ya kisheria, lakini huheshimu ukweli uliothibitishwa na mahakama ya chini isipokuwa kuna kosa la wazi. Naunga mkono.

Anayetetea hataza pana anijibu: mwenye mbinu bora ya kupima aende wapi, kama kupima kwenyewe kuna mwenyewe?