Mrejesho: baa ya nyumbani bila pombe

Habari zenu. Niliuliza namna ya kupanga kona ya vinywaji visivyo na kilevi hapa kwangu Umoja, Nairobi, bila kumaliza mshahara, maana mume wangu ameacha pombe na wageni hawakosi. Asanteni, imekaa.

Glasi ni za mtumba, soko la Gikomba. Hazifanani, na mimi naona ndio uzuri wake. Aliyenishauri jini (gin) isiyo na kilevi, samahani: bei yake ni ya jini kamili, sikuona sababu.

Kinachofanya kazi ni tangawizi. Naitoa soko la Marikiti, naiparuza na ganda lake, nachemsha na sukari na maji kwa kipimo sawa hadi mvuke ukuwashe pua, nachuja, naweka friji. Vijiko viwili, ndimu, barafu, kisha unajaza maji yenye gesi. Ule mwasho ndio unamfanya mtu anywe polepole; juisi tamu tupu huisha kwa mafunda matatu. Ukwaju nao ni hivyo hivyo, hasa ukipaka chumvi na pilipili kwenye mdomo wa glasi.

Mliotaja Angostura, yale matone machungu ya kukolezea vinywaji: ile ina pombe zaidi ya asilimia 40. Ni matone tu, najua, lakini sitaki hata chupa ionekane rafuni. Natumia chai ya rangi iliyokolea, ya baridi. Uchungu wake unatosha.

Shemeji bado anakuja na bia zake. Huyo akanywe kwake.