Belfast: mchoro wa watu wenye bunduki unabadilishwaje bila ukuta kuharibiwa tena?

Tumaini_K
Wakuu, naomba msaada wa wanaoifahamu Ireland ya Kaskazini. Chukulia nyumba ya mwisho katika safu ya nyumba zilizoshikana, mtaa wa Waloyalisti (Waprotestanti wanaotaka kubaki chini ya Uingereza) magharibi mwa Belfast. Ukuta wake wa ubavuni, ule wenye pembetatu ya paa juu, una mchoro wa wanamgambo wawili waliofunika nyuso, na rangi imeanza kubanduka. Wakazi wanataka picha nyingine. Nani hasa anapaswa kukubali? Rangi ya zamani ifanywe nini, na mpya inunuliwe kiasi gani? Na kwa nini baadhi ya michoro mipya hurushiwa chupa za rangi mapema, ilhali mingine hukaa miaka bila kuguswa?

Bin_Saidi
Nianze na ridhaa, maana ndiyo inayovunja kazi nyingi kabla kopo halijafunguliwa. Kisheria anayekubali ni mwenye nyumba. Nyumba nyingi za kupanga katika mitaa hiyo ni za Northern Ireland Housing Executive, taasisi ya umma iliyoundwa mwaka 1971, lakini nyingine zilishauzwa kwa waliokuwa wapangaji. Usikisie. Hakikisha mmiliki ni nani, kisha upate kibali cha maandishi.

Hata hivyo kibali hicho hakitoshi. Mchoro wa wanamgambo una wenyewe: kikundi kilichouweka, familia za waliotajwa majina, na majirani wanaouona kila wakifungua mlango. Kama kuna jina la marehemu ukutani, familia yake itembelewe kwanza, na waulizwe jina hilo lihamie wapi kabla hamjazungumzia picha mpya. Kibao cha kumbukumbu kilichofungwa pembeni mara nyingi hutatua jambo ambalo mikutano mitano haijatatua.

Mfano mzuri ni Sandy Row, mtaa mwingine wa Waloyalisti hapo Belfast. Kwa miaka mingi ukuta wa kuingilia mtaa ule ulikuwa na mtu mwenye bunduki, aliyeziba uso. Mwaka 2012 alichorwa Mfalme William III mahali pake. Angalia busara iliyomo: hawakuweka njiwa wa amani. William, Mprotestanti aliyemshinda mfalme Mkatoliki James II katika vita vya mto Boyne vya 1690, amekuwa kwenye kuta za Waprotestanti wa Belfast tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Bunduki iliondoka, alama ya mtaa ikabaki. Wapo Wakatoliki ambao William naye anawakera, na hilo ni la kweli, ila wanaoishi na ukuta ule ndio waliomkubali, kwa hiyo ndio watakaomlinda.

Hapo ndipo jibu la swali lako la tatu lilipo. Mwaka 2006 Baraza la Sanaa la Ireland ya Kaskazini lilianzisha mpango wa Re-Imaging Communities kwa pauni milioni 3.3, na kuta kadhaa zilibadilika kweli. Hatari ya fedha za namna hiyo ni kwamba zina tarehe ya kufunga hesabu. Mazungumzo yakikatishwa ili ripoti iwahi, mtaa unapata picha ya mikono iliyoshikana ambayo hakuna aliyeiomba, na hakuna atakayetoka nje usiku mtu akija na chupa.

FundiKuta
Mimi naingia kwenye rangi. Kosa kubwa kuliko yote ni kupaka juu ya tabaka linalobanduka. Rangi mpya ikikauka hujivuta, na huling'oa la zamani pamoja nayo.

Kwanza tafuta maji yanakotoka. Belfast hunyesha mwaka mzima, na ukuta wa aina hii hulowa kupitia mfereji wa paa unaovuja, ukingo wa vigae pale juu ya pembetatu, au lipu iliyopasuka. Tengeneza hayo na uache ukuta ukauke. Ukiona unga mweupe, hiyo ni chumvi inayosukumwa nje na unyevu. Iondoe kwa brashi kavu. Ukiiosha inayeyuka, inarudi ndani, halafu inatoka tena chini ya picha yako.

Tabaka za miaka ya nyuma huenda zina madini ya risasi, kwa hiyo zipime kabla ya kugusa msasa. Zikiwa nayo, kwangua zikiwa zimeloweshwa, vaa barakoa inayofaa, na kusanya mabaki yote. Kisha osha kwa dawa ya kuua ukungu, ziba nyufa, ufanye jaribio la utepe: bandika utepe imara, uvute kwa nguvu. Ukitoka na rangi, endelea kukwangua. Lipu mpya ya saruji isubiri wiki 4 hivi, kwa sababu magadi yake hula baadhi ya rangi, hasa bluu ya Prussia.

Vipimo: chukua upana mita 6, urefu hadi usawa wa paa mita 5, pembetatu ya kimo cha mita 2.5. Mstatili ni mita za mraba 30, pembetatu 7.5, jumla 37.5. Kwenye lipu ya kukwaruza lita 1 hufunika takriban mita za mraba 6, kwa hiyo mikono miwili ya rangi ya chini ni lita 12.5. Ongeza ya kupotea, nunua 15. Iwe rangi ya maji ya kuta za nje inayoruhusu ukuta kupumua. Rangi ya mafuta hufungia unyevu ndani, nao hutoka kwa malengelenge. Praima ya kuta inatangulia. Kwa picha yenyewe, lita 1 ya kila rangi hutosha kwa sehemu ndogo. Anga na mandharinyuma hutaka lita 2.5 hadi 5.

Kwa maeneo makubwa tumia nyekundu na njano za oksidi ya chuma. Nyekundu kali na njano kali za bei ndogo ndizo zinazopauka kwanza, zaidi kwenye ukuta unaotazama kusini.

Mchoro mdogo wa karatasini uwe sentimita 60 kwa 75 wenye miraba ya sentimita 5. Ukutani piga miraba ya sentimita 50 kwa uzi wa chaki, safu 12 za wima na 15 za mlalo. Anza juu ushuke, ili matone yaangukie mahali ambapo bado hapajakamilika. Chini ya nyuzi joto 10 acha kazi, na usipake kama mvua inakuja baada ya saa mbili tatu.

Zuhura_B
Nyongeza kuhusu bodi. Siku hizi kazi nyingi hufanywa kwenye bodi za alumini zenye plastiki katikati, unene milimita 3, ukubwa mita 1.22 kwa 2.44. Faida ni kubwa: unachora ndani wakati wa baridi, watoto na wazee wanashiriki bila kupanda jukwaa, na bodi moja ikiharibiwa unabadilisha hiyo tu. Lakini acha nafasi ya milimita 25 nyuma ili hewa ipite, tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu, na usiruhusu kiungo kipite katikati ya uso wa mtu. Bodi zilizochapishwa kwa mashine sizipendi. Mtaa ambao haukushika brashi hauna cha kutetea.

Kuhusu chupa za rangi: mita 2 za chini zipake rangi moja tu, nyuso na maandishi yawe juu. Hifadhi lita 1 ya kila rangi pamoja na namba yake. Dawa ya kinga ziko mbili: ya nta, inayooshwa kwa maji moto na kupakwa upya, na ya kudumu, ambayo ni ngumu zaidi lakini aina nyingine huziba unyevu. Kwa ukuta wa Belfast ningechagua ya nta. Na ufutaji uanze siku ileile.

Tumaini_K
Asanteni sana. Je, kuna namna ya kubadilisha picha bila kufuta historia yote?

Bin_Saidi
Ipo. Kule mji wa Derry, katika mtaa wa Wakatoliki wa Bogside, wachoraji waitwao Bogside Artists walichora msichana wa miaka 14 aliyeuawa mwaka 1971 wakati wa machafuko, pembeni yake bunduki nzima na kipepeo aliyechorwa muhtasari tu. Baadaye, amani ilipoonekana kushika, walirudi wakaivunja bunduki na kumjaza kipepeo rangi. Ukuta ni uleule, na kila aliyeuona awali anasoma mabadiliko. Na mwaka 2007, kwenye Ukuta wa Kimataifa wa barabara ya Falls mjini Belfast, Danny Devenny wa upande wa Republikani (wanaotaka Ireland iungane) na Mark Ervine wa upande wa Waloyalisti walichora pamoja nakala ya Guernica, picha ya Picasso ya kulaani vita.

Kwa mtaa wako, piga picha mchoro wa sasa ukiwa umesimama katikati yake sawasawa, bila jua la pembeni, mpe kila aliyehusika nakala, kisha anza kukwangua mwezi wa Mei. Kazi iishe katikati ya Juni. Kuanzia hapo mitaa inajiandaa kwa maandamano ya tarehe 12 Julai ya kukumbuka ushindi wa William, bendera zinapandishwa, mioto mikubwa inajengwa kwa usiku wa tarehe 11, na jukwaa lililosimama mbele ya ukuta mtupu litakuwa na wapandaji ambao hukuwaalika.