Matibabu ya saratani yamelipiwa na bima: mzigo wa kifedha wa mgonjwa wa Mtwara na Lindi tuupimeje?

Mikindani_Data
Wakuu, naandaa dodoso kwa wagonjwa wa saratani wanaopewa rufaa kutoka Ligula (hospitali ya mkoa, Mtwara) na Sokoine (ya Lindi) kwenda Ocean Road, taasisi ya saratani Dar. Wengi wana bima au msamaha, kwa hiyo risiti za hospitali hazionyeshi kitu kikubwa. Nilitaka kutumia COST, dodoso la kupima mzigo wa kifedha wa mgonjwa wa saratani: maswali 11, alama 0 hadi 44. Linatosha? Na kizingiti cha gharama za kufilisi kaya, yaani sehemu ya matumizi ya kaya ambayo gharama zikiizidi tunasema imeelemewa, niweke asilimia ngapi?

Hesabu_Kavu
Peke yake halitoshi, mkuu. COST lilitungwa Chicago, na swali la kwanza linauliza kama mtu ana akiba, mafao ya uzeeni au mali za kulipia matibabu. Mkulima wa Tandahimba hana mafao ila ana mikorosho. Akisikia mafao tu, keshajibu hapana. Taja mashamba na mifugo waziwazi.

Lipo pia swali la kumudu matumizi ya mwezi. Huku fedha haiji kwa mwezi. Ukimhoji Novemba minada ya korosho ikiendelea, anamudu. Ukimhoji Machi, hamudu, na saratani haijabadilika. Wahoji wote msimu mmoja, au kila mmoja mara mbili.

Kwenye kuhesabu alama, maswali 7 hugeuzwa (kila jibu ni 0 hadi 4, unafanya 4 toa jibu), manne huachwa yalivyo. Alama NDOGO ndiyo hali mbaya. Ukisahau kugeuza, ripoti nzima inasimama kichwa chini.

Waitaliano, ambao tayari wana huduma ya umma kwa wote, walitunga PROFFIT: maswali 16, ambapo 7 hupima mzigo na 9 hutafuta chanzo chake, ukiwemo usafiri na umbali wa kituo. Kwetu hilo ndilo lenye maana zaidi. Ila alama zake ni 0 hadi 100 na KUBWA ndiyo mbaya, usiziweke safu moja na COST bila maelezo.

Mama_Takwimu
Kuhusu kizingiti: vilivyozoeleka ni 10% na 25% ya matumizi yote ya kaya kwa mwaka. Tatizo ni kwamba vinahesabu malipo ya afya tu. Mfano wa kubuni: kaya inatumia 3,600,000 kwa mwaka, vipimo, kinyama (kipande cha uvimbe kinachokatwa kupimwa) na dawa za kununua nje ni 500,000. Hiyo ni 13.9%. Ongeza nauli, chumba na chakula cha mgonjwa na msindikizaji, tuseme 900,000, unafika 38.9%. Toa namba zote mbili, usichague moja.

Hizo 900,000 si za kutia chumvi. Mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi mara nyingi ni dozi 25, Jumatatu hadi Ijumaa. Ni wiki 5 Dar, bado hujahesabu foleni ya kuanza wala mionzi ya ndani (inayowekwa ndani ya mwili).

Halafu jihadhari na kuhesabu mara mbili. Mkopo uliolipa nauli si gharama mpya. Andika riba tu. Vivyo hivyo kwa korosho zilizouzwa kangomba (kwa walanguzi, nje ya mnada, kwa bei ya chini) ili kupata nauli ya mgonjwa: gharama ni pengo kati ya bei ya kangomba na ya mnada, zidisha kwa kilo. Mikorosho iliyowekwa rehani iandikwe pembeni, idadi ya miti na misimu mingapi.

Mikindani_Data
Nimeelewa. Basi niwahoji palepale Ocean Road, si ndiyo?

Hesabu_Kavu
Hapana! Pale utakutana na waliopata nauli. Anzia kwenye rejista za rufaa za Ligula na Sokoine, uwafuatilie wote, hata ambao hawakufika. Utafiti wa ACTION wa nchi 8 za Kusini-Mashariki mwa Asia ulifuata wagonjwa 9,513 kwa mwaka mmoja: 29% walifariki, 48% walikumbwa na gharama zilizozidi 30% ya kipato cha kaya. Wangehoji walio hai tu, wale 29% wasingeonekana popote.

Mama_Takwimu
Naongezea la fomu. Weka sifuri mbili: moja ya "alilipiwa", nyingine ya "hakwenda kwa kukosa fedha". Zikiingia safu moja, aliyebaki Nanyumbu bila tiba anatokea kwenye jedwali kama mtu asiye na mzigo wowote. Aliyefariki, ahojiwe aliyeshika fedha za safari, ambaye si lazima awe mkuu wa kaya.