Skrini nyeusi kabla ya tangazo tangu tufunge mfumo wa otomesheni, naombeni ushauri

Fundi_Zamu: Wakuu, habari za jioni. Niko kwenye chumba cha kurushia matangazo cha kituo kimoja cha TV hapa Dar. Zamani tulibonyeza kila kitu kwa mkono. Sasa kuna programu inayoendesha seva ya video na swicha ya picha (mtambo unaochagua picha ipi iende hewani) kwa kufuata pleilisti. Vipindi vya kurekodi havina shida. Tatizo ni tukitoka studio kwenda tangazo: skrini inabaki nyeusi karibu nusu sekunde, na wateja wanalalamika. Pili, ikigonga saa 2 usiku inaingiza taarifa ya habari hata kama mgeni wa kipindi cha mubashara yuko katikati ya sentensi. Bosi anataka turudi kwenye mkono. Mimi sitaki. Nianzie wapi?

Dada_MCR: Msirudi nyuma, mkuu. Programu inatuma amri mbili kwa pamoja: swicha inakata papo hapo, seva bado haijaanza kutoa picha. Kwa fremu (picha moja moja za video) 25 kwa sekunde, kila fremu ni milisekunde 40, hivyo ikichelewa fremu 12 tu weusi umeshaonekana. Amri ya seva itangulie ya swicha. Ila pima, usikisie: tengeneza klipu yenye namba kwenye kila fremu, irushe, rekodi kinachotoka, kisha isogeze fremu moja moja uhesabu nyeusi.

mzee_wa_kebo: Ngoja kwanza. Weusi ni uleule kila mara, au unabadilika? Na amri zinapita wapi?

Fundi_Zamu: Unabadilika, shikamoo mzee. Seva inatumia CasparCG, programu ya kurusha video, amri zinapita kwenye mtandao wa ofisi. Wahariri wakihamisha mafaili ndiyo inazidi.

mzee_wa_kebo: Marahaba. Basi usirekebishe hesabu ya fremu bado. Mashine za zamani tuliziendesha kwa kebo ya RS-422 (ya kupitisha amri), pini 9, kila mashine na kebo yake, hakuna wa kuigombania. Wewe amri yako inapanga foleni na mafaili ya wahariri. Leo utarekebisha fremu 12, kesho zitakuwa 20. Mitambo ya kurushia ipewe swichi yake ya mtandao, na mafaili yasinakiliwe kwenye diski inayorusha wakati tangazo liko hewani. Halafu angalia kama programu inatuma LOADBG (amri ya kuandaa klipu kabla haijaonekana) mapema, ndipo PLAY (amri ya kuicheza). Ikituma PLAY peke yake, seva inaanza kufungua faili wakati swicha imeshakata.

Dada_MCR: Kweli, mzee, hiyo itangulie. Ukishatenga mtandao ndipo upime. Kuhusu saa 2, usiiwekee taarifa ya habari muda wa lazima ikiwa kabla yake kuna mubashara. Kipindi kisubiri kufungwa kwa mkono na mtu wa zamu, kisha programu iendelee. Weka promo fupi katikati, ziachwe muda ukibana. Bunge na mpira havimalizwi na saa ya kompyuta. Na paneli ya swicha ibaki hai muda wote, hata programu ikiganda mtu aweze kukata mwenyewe.

Fundi_Zamu: Nimewaelewa sana. Usiku wa manane tunarusha marudio tu, nitatenga mtandao hapo na kukagua LOADBG. Nitaleta mrejesho na hesabu ya fremu.

mzee_wa_kebo: Kompyuta zote zichukue saa kwenye seva moja ya NTP (ya kulinganisha saa kupitia mtandao) kabla hujapima.