Kuku Kentucky, nguruwe Iowa au ng'ombe Texas: niende wapi?

FiziKwetu
Habari zenu wadau. Niko Kentucky, nimekuja kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Sasa hivi niko ghala la nguo lakini masaa yamepungua sana. Nina kazi tatu za viwanda vya nyama na lazima nijibu kabla ya Ijumaa. Ya kwanza kiwanda cha kuku hapa hapa, dola 18.50 kwa saa. Ya pili nguruwe, Iowa, dola 22, binamu yangu yuko huko. Ya tatu ng'ombe, Texas upande wa Amarillo, dola 23 na wanatoa pesa ya kuhamia. Mliofanya kazi hizi, ipi bora? Nataka kujua ipi inaacha pesa mwisho wa mwezi.

MamaZawadi
Karibu mwanangu. Lakini hujatuambia kitu. Nafasi gani: kuning'iniza, kukata, kufungasha, au usafi wa usiku? Shifti ya asubuhi au ya jioni? Una familia? Gari unalo? Green card imeshatoka au bado unatembea na I-94, ile karatasi ya kuingilia nchini? Dola 22 ya kufungasha maboksi na dola 22 ya kukata mabega si pesa moja. Ya pili unailipa kwa viganja.

KisuKikali
Ng'ombe, ndugu yangu. Usipoteze muda na kuku. Laini ya kuku, ule mstari unaopitisha nyama mbele ya wafanyakazi, inaruhusiwa ndege 140 kwa dakika, na viwanda vyenye kibali maalumu vinafika 175. Ng'ombe kikomo ni 390 kwa saa, yaani sita na nusu kwa dakika. Mnyama ni mzito, ndiyo, ila unapata nafasi ya kuvuta pumzi na kunyoosha makali ya kisu. Mimi niko upande wa ng'ombe tangu nifike Marekani na mikono yangu ni mizima.

BabaNeema
@KisuKikali hiyo 140 ni ya laini ya kutoa matumbo, pale wakaguzi wa serikali wanaposimama. Ukivuka kwenda kwenye kukata na kutoa mifupa, hakuna kikomo cha serikali. Spidi anaipanga meneja. Na kwa ng'ombe ni vilevile: 390 ni ya upande wa kuchinja. Kijana akipelekwa upande wa kukata, hesabu yako haimsaidii.

FiziKwetu
Asanteni. Green card ninayo. Nina mke na watoto wawili. Kuku ni kuning'iniza kuku hai, asubuhi. Nguruwe ni kukata, shifti ya pili. Texas hawajaniambia nafasi, wanasema nitapangiwa nikifika. Gari sina bado.

MamaZawadi
"Utapangiwa ukifika" na una watoto wawili? Waulize kwa maandishi kabla hujafunga hata sanduku moja.

FundiWaZamu
Naomba niseme kwa kirefu, maana watu wote hapa wanalinganisha dola na mimi naona kitu kingine.

Nilifanya kazi kiwanda cha kuku katika jimbo moja la kusini, sitakitaja. Nilianza kwenye laini, baadaye wakaniweka msaidizi wa mafundi mitambo kwa sababu nilikuwa fundi wa mashine za kusaga kule Bukavu. Laini yetu nzima ilikuwa watu wa nje: Wakongo, Warundi, Waguatemala, Wahaiti. Mashine ilikuwa ya kuchuna ngozi ya kifua. Inafanana na meza ndogo, katikati kuna rola yenye meno madogo inayozunguka, na mbele yake blade. Unapitisha nyama juu, ngozi inavutwa chini. Ikiwa nzima, kazi ni nyepesi kabisa.

Yetu haikuwa nzima. Blade ilikuwa imeisha, kwa hiyo ngozi ilikuwa inajikunja na kukwama. Beringi ya rola ilikuwa inalia kila siku, niliandika kwenye daftari la mafundi, jibu likawa vipuri vimeagizwa. Kava la mbele walilitoa ili iwe rahisi kuchomoa ngozi iliyokwama. Na ile kamba nyekundu ya kusimamisha mkanda unaobeba nyama kwa dharura ilikuwa imelegea mpaka ikawa inasimamisha laini yenyewe bila mtu kuigusa, basi mtu akaifunga kwa utepe wa plastiki isisumbue. Mafundi shifti ile tulikuwa wachache mno kwa jengo lile.

Dada mmoja Mrundi alikuwa anachomoa ngozi kwa vidole, kama alivyoonyeshwa na supavaiza, rola ikashika glovu. Aliyekuwa karibu naye alivuta kamba. Mkanda haukusimama. Akavuta tena. Mimi nilikimbia mpaka kwenye swichi kuu ukutani. Yule dada alipoteza ncha za vidole viwili. Walimtoa, wakaosha meza kwa maji ya moto, laini ikaendelea kabla ya mapumziko ya chakula. Karatasi ya maelezo aliyopewa asaini hospitalini ilikuwa ya Kiingereza, na yeye anasoma Kirundi na Kifaransa kidogo.

Sasa kuhusu pesa, maana ndicho ulichouliza. Mashine mbovu inakula mshahara wako hata kama haikukugusa. Ikiharibika asubuhi, wanakuambia nenda nyumbani, na masaa hayo hayalipwi. Lakini kuku wako tayari kwenye malori nje, hawarudi shambani. Kwa hiyo ikitengenezwa, spidi inapandishwa ili kufidia, au mnaitwa Jumamosi kwa lazima. Wiki moja unapata masaa 28, wiki nyingine 55. Kodi ya nyumba haijui hayo. Mimi ningechukua dola 19 kwenye kiwanda ambacho mitambo inatunzwa kabla ya dola 23 kwenye kiwanda cha viraka.

KisuKikali
Pole sana kwa huyo dada. Ila usiseme kwamba viwanda vyote viko hivyo. Kwetu kila fundi ana kufuli lake lenye jina, anafunga swichi kabla hajaingiza mkono, na hakuna anayeruhusiwa kulifungua zaidi yake. Visu vinanolewa na watu maalumu, unakabidhi butu unachukua kikali.

FundiWaZamu
Na mimi nasema atafute hicho hicho chenu. Kufuli ni sheria ya Marekani nzima, si hisani ya meneja. Na kisu kikali ndiyo afya ya mkono. Kisu butu kinataka nguvu, nguvu hiyo inatoka kwenye kifundo cha mkono, mara elfu nyingi kwa shifti. Baadaye usiku unaamka vidole vimekufa ganzi.

Mwanakijiji_Ohio
Mmesahau Gainesville, Georgia. Januari 28, 2021 watu 6 walikufa pale kwenye kiwanda cha kuku, na wengi wanaofanya kazi viwanda vya mji ule ni wahamiaji wa Kilatino. Ilikuwa mashine ya kugandisha kwa nitrojeni ya kimiminika. Kibomba kidogo cha kupimia kina kilikuwa kimepinda, mtambo ukawa haujui kwamba umeshajaa, nitrojeni ikaendelea kuingia mpaka ikamwagika na kutanda chumbani. Nitrojeni haina harufu. Inafukuza oksijeni, mtu anaanguka tu. Baadhi ya waliokufa waliingia kuwaangalia wenzao. Hakukuwa na kipimo cha oksijeni cha kupiga kengele mle ndani, na wafanyakazi hawakuwa wamefundishwa hatari ya kile kitu. Kibomba kimoja kilichopinda, jamani.

BabaNeema
Inaniuma kila nikisoma habari ile. Na kufundishwa kuwe kwa lugha mtu anayoielewa, kampuni inadaiwa hilo. FiziKwetu, siku ya mafunzo wakikuwekea video ya Kiingereza na karatasi ya kusaini, omba mkalimani wa Kiswahili. Usisaini kitu ambacho hukukielewa.

DadaMlezi
Samahani naingilia. Kwa nini nyama? Kaka, una green card, Kiingereza unajifunza. Soma cheti cha kuhudumia wazee, ni wiki chache tu, na Kentucky nyumba za wazee zinatafuta watu kila siku. Mimi ni wa Kisumu, nilianza hivyo, sasa niko mwaka wa mwisho wa unesi. Hakuna mkanda, hakuna kisu.

KisuKikali
Dada, kunyanyua wazee kunavunja migongo pia. Na malipo ya kuanzia ni madogo kuliko nguruwe.

DadaMlezi
Mgongo una hatari, nakubali, lakini kuna winchi za kunyanyulia na kuna kupanda cheo. Kwenye laini unapanda kwenda wapi? Niambie Wakongo wangapi unaowaona ofisini kwenu.

Jirani_wa_Tanganyika
Tusibishane hapo. Ninachotaka kumuuliza FiziKwetu: hiyo Iowa ni kiwanda cha zamani au kipya? Perry, huko huko Iowa, walifunga kiwanda cha nguruwe Juni 2024, karibu watu 1,300 wakabaki bila kazi katika mji mdogo. Ukihamisha watoto shule, hakikisha unahamia mahali ambapo wamewekeza kwenye mitambo. Kiwanda kinachonunua mashine mpya kina mpango wa kubaki. Kiwanda kinachofunga mabomba kwa mpira, jiulize.

FiziKwetu
Binamu anasema ni cha zamani lakini waliongeza jengo jipya la kupozea. Anasema pia kuna chama cha wafanyakazi. Hilo lina maana?

MamaZawadi
Lina maana sana! Chama ndicho kinachokusimamia supavaiza akikuambia ingiza mkono. Jiunge siku ya kwanza.

KisuKikali
Iowa hulazimishwi kujiunga wala kulipa ada. Mimi sijajiunga, na hizo pesa natuma Uvira.

MamaZawadi
Na unafaidi mkataba ambao wenzako wanaulipia. Mwanangu, haki hazikuja zenyewe. Hata kulipwa muda wa kutembea kutoka chumba cha kuvalia mpaka kwenye laini, watu walienda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, mwaka 2005. Kabla ya hapo, ukishavaa aproni, glovu za chuma na kofia, ungeweza kutembea jengo zima, na matembezi hayo bure.

Swala_Tano
Naongeza la swala, maana kuna ndugu Waislamu wanasoma hapa. Fort Morgan, Colorado, Desemba 2015 Wasomali wapatao 150 walifukuzwa kwa mvutano wa muda wa kuswali, kesi ikaisha 2018 kwa kulipwa dola milioni 1.5. Ulizeni mapema jinsi wanavyowabadilisha watu kwenye laini. Pakiwa na watu wa akiba, unaruhusiwa kutoka. Pasipokuwa nao, hata choo ni ugomvi.

BabaNeema
Umesema kweli, na la choo si dogo.

FundiWaZamu
Kijana, binamu yako yuko ndani, mtumie. Akuangalizie haya: makava yako juu ya mashine au yako pembeni sakafuni? Kamba ya dharura, ikivutwa mkanda unasimama? Wiki iliyopita walirudishwa nyumbani mara ngapi kwa kuharibika? Visu vinabadilishwa wakati gani? Na usafi wa usiku unafanywa na nani? Wale ndio wanaoingiza mikono kwenye mashine wakati wengine wamelala. Mwaka 2023 kampuni moja ya usafi ilitozwa faini kwa kuwaweka watoto 102 kwenye kazi hiyo, katika viwanda 13. Watoto, wanaosha misumeno ya nyama usiku.

FiziKwetu
Nimemtumia binamu maswali, amesema atajibu shifti ikiisha. Amesema la kamba hajawahi kuliona likijaribiwa. Kuku wa hapa nimeruhusiwa kwenda kutazama kesho asubuhi.

BabaNeema
Nenda. Chumba cha kuning'iniza kina taa hafifu ya bluu ili kuku watulie, na vumbi la manyoya ni jingi. Tazama kama feni za kutoa vumbi zinafanya kazi, na kama watu wamevaa barakoa nzuri au kitambaa tu.

KisuKikali
Na viatu. Popote utakapokwenda, nunua buti za mpira zenye soli ya kushika, saizi moja zaidi, uvae soksi mbili. Za bei ndogo zinateleza kwenye mafuta.

Jirani_wa_Tanganyika
Buti za rangi nyeupe au za kahawia? Nimeambiwa nyeupe zinapasuka kwenye baridi.

DadaMlezi
Zinazopasuka ni zile nyembamba, rangi haihusiki. Zenye manyoya ndani zinakaa zaidi, ila zikilowa zinachukua siku mbili kukauka.

Jirani_wa_Tanganyika
Siku mbili? Basi inabidi uwe na jozi mbili. Mwanakijiji_Ohio, mnanunua wapi huko Ohio?